Vikapu vya zawadi Mombasa: kuvifikisha vizima, kwa saa yake, bila kupandisha presha

Kupamba kikapu ni kazi ya jioni moja. Kukitoa Tudor kikafika Mtwapa saa kumi jioni, utepe bado umesimama na chupa ya marashi haijavuja, hiyo ndiyo biashara yenyewe. Nimetengeneza vikapu nyumbani kwangu kwa miaka kadhaa, vya arobaini ya mtoto, vya bi harusi, vya siku ya kuzaliwa, vya Idi, na pesa niliyopoteza karibu yote ilipotelea njiani. Mwongozo huu ni wa yule aliyeanza juzi, ana oda tano au kumi kwa wiki, hana gari, na anategemea boda na tuktuk kama mimi.

Hatua ya 1: Gawa mji kwa maji

Mombasa ni kisiwa. Kila mtu anajua, lakini ukifika wakati wa kupanga safari watu husahau, wanahesabu kilomita. Kilomita hazikuambii kitu hapa. Feri ya Likoni inavuka maji ya kama nusu kilomita tu, na bado kuna siku kikapu cha Likoni kitakula muda kuliko cha Bamburi.

Njia kuu za kutoka kisiwani ni tatu: Daraja la Nyali kwa upande wa kaskazini, Makupa kwa magharibi, na feri kwa kusini. Kwa hiyo chukua daftari, ligawe mafungu manne: Kisiwani, Nyali hadi Mtwapa, Changamwe hadi Miritini, Likoni hadi Diani. Oda ikiingia, iandike kwenye fungu lake kabla hujaandika hata jina la mteja. Ukimaliza wiki utaona mwenyewe pesa yako iko upande gani, na bei yako ya kusafirisha utaipanga kwa fungu, si kwa kukisia mteja anapopiga simu.

Kanuni yangu: boda mmoja, safari moja, upande mmoja wa maji. Usimpe kijana kikapu cha Bombolulu na cha Mikindani kwa pamoja eti vyote viko bara. Atavuka kisiwa kizima katikati, na mmoja kati ya wateja hao wawili atakupigia simu akiwa amekasirika.

Kisiwani ni rahisi isipokuwa Mji wa Kale. Kule vichochoro haviingii tuktuk, na boda akiingia atasukumana na mikokoteni na watoto wa madrasa. Mwambie mpeleka mzigo aache pikipiki barabarani aende kwa miguu, na kikapu kiwe cha kubebeka kwa mikono miwili. Niliwahi kutengeneza kimoja kipana cha harusi, kizuri kweli, kikakwama kati ya kuta mbili Kibokoni mpaka tukakiingiza kwa ubavu.

Nyali hadi Mtwapa ni barabara moja ndefu: Kongowea, Bombolulu, Bamburi, Shanzu, halafu daraja la Mtwapa. Asubuhi msongamano unaingia kisiwani, jioni unatoka. Ukipeleka mizigo ya huko kati ya saa tatu na saa saba mchana, unakwenda kinyume na watu. Changamwe na Miritini tatizo si magari madogo, ni malori ya bandarini. Boda anapenya, tuktuk inakaa hapo Kibarani inameza moshi na kikapu chako pia. Kwa upande huo mimi hutuma boda tu, hata ikibidi safari mbili.

Likoni inataka akili kidogo. Anayevuka kwa miguu halipi, anayevuka na chombo analipa na anapanga foleni. Basi usivushe pikipiki. Boda wa kisiwani akufikishie kikapu mpaka feri, mtu wako avuke nacho kwa miguu, na boda wa pili amsubiri ng'ambo. Epuka asubuhi mapema na jioni kuanzia saa kumi, maana ule umati ukishuka kwenye mteremko hakuna kikapu kinachotoka na umbo lake. Mzigo mkubwa wa Diani, vikapu kumi vya harusi kwa mfano, afadhali ukodi gari lipite barabara ya Dongo Kundu kutokea Miritini. Ni mzunguko, lakini hakuna foleni ya feri.

Hatua ya 2: Andika oda ikiwa nzima

Hapa ndipo makosa yanapozaliwa, na hili la kwanza nalieleza kwa urefu kwa sababu liliniumiza.

Mteja mmoja wa Nairobi alinitumia ujumbe: anataka kikapu cha mkewe, siku ya kuzaliwa, Jumamosi, "saa 4". Mimi mtoto wa Pwani, saa nne ni saa nne. Saa nne asubuhi kijana wangu yuko mlangoni, hodi, mama akatoka na leso kichwani, mafuta kwenye nywele, akapokea. Kumbe bwana alimaanisha nne ya saa ya kizungu, yaani saa kumi jioni, wageni wameshakaa, keki iko mezani. Tofauti ya saa sita kamili. Saa tano simu ikalia.

"Dada, umeniharibia. Kila mtu alikuwa aje amshangaze."

Nikamwambia samahani, nikamtengenezea kikapu kidogo cha pili bila malipo kikaenda jioni. Hasara yangu. Tangu siku hiyo siandiki saa bila neno la pembeni: saa nne asubuhi, saa kumi jioni. Na namrudishia mteja ujumbe kwa maneno yangu: "Nimeelewa Jumamosi saa kumi jioni, jua likianza kushuka. Ni sawa?" Mpaka ajibu sawa, hiyo si oda.

Mengine ya kuuliza usiyaache kichwani, yaandike ukurasani. Nani anapokea, na simu yake. Nani apigiwe kama huyo hapokei, maana zawadi ya kushtukiza huwezi kumpigia mwenyewe ukamharibia. Mara nyingi kuna dada, jirani au mfanyakazi wa nyumbani anayejua siri. Mahali: omba lokesheni ya WhatsApp na maelezo ya mdomo. Lokesheni peke yake hukupeleka nyuma ya jengo. Maelezo peke yake ni "ukifika msikiti mweupe kata kushoto", na misikiti meupe Mombasa ni mingi. Ukivipata vyote viwili, kimoja kinamsahihisha mwenzake. Kama ni Nyali kwenye mitaa ya mageti, uliza namba ya nyumba na jina ambalo mlinzi wa getini analijua. Kama ni ghorofa, uliza ni ya ngapi na kama kuna lifti. Kijana aliyepanda ghorofa sita na kikapu cha achari atakuongezea bei, na ana haki.

Malipo yote yaingie kabla kikapu hakijatoka, pamoja na ya usafiri. Usitazame ujumbe wa M-Pesa alioutuma mteja kama picha, wala ujumbe ulioingia kwa namba usiyoijua. Tazama salio lako. Ujumbe wa uongo ni rahisi kutengeneza, salio haliongopi.

Na usiahidi saa, ahidi kipindi. "Kati ya saa nane na saa kumi mchana." Wateja wachache watanung'unika. Wengi wanajua mji wao.

Hatua ya 3: Funga kwa ajili ya jua na matuta

Kikapu cha dukani kinapigwa picha kivulini. Chako kitakaa nyuma ya pikipiki saa nzima ya kaskazi, kwa hiyo fikiria joto kwanza, urembo baadaye.

Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na mchana wa Februari hapa unafika 32 au 33 kivulini. Ndani ya selofeni, juani, umeshapita. Kuanzia Desemba hadi Machi mimi siweki chokoleti kwenye mzigo wa mchana. Mteja akishikilia, kinakwenda saa moja na nusu asubuhi au baada ya magharibi, na ninamwambia wazi kwamba nje ya hapo simrudishii pesa. Badala yake tuna vitu vyetu vinavyolijua joto: tende, korosho, kashata, halua. Halua haina haja ya friji, lakini ina mafuta, na mafuta yatatoboa karatasi na kutia doa kila kitu. Ifunge kwa karatasi ya kuokea mara mbili, halafu kopo lenye kifuniko. Mabuyu ni hatari ya aina yake. Unyevu wa hewa ukiyapata, ile rangi nyekundu inatoka jasho, na shada la maua meupe lililo karibu nayo linakuwa la waridi kabla hujavuka daraja. Chupa yenye kifuniko cha kukaza, si mfuko. Kaimati usiziweke kabisa.

Asmini zinachumwa jioni zikiwa bado zimefumba, na uzuri wake wote ni usiku ule. Kikuba cha asmini na mrehani kifungwe kwa kitambaa kibichi, kiingie kwenye kikapu dakika ya mwisho, na mzigo wenyewe uwe wa jioni. Mchana wa pili ni hudhurungi.

Upangaji: vizito na vya kioo chini katikati, vimebanwa kwa nguo au majani ya karatasi, vyepesi juu. Kisha fanya mtihani wangu. Inua kikapu, kitikise kama boda anapita matuta ya Kiembeni. Ukisikia mlio wowote, fungua, banisha upya. Nimewahi kuwa mvivu wa kufungua mara moja tu, na chupa ya achari ya embe ikafika Utange imegeuka supu ya vioo.

Kikapu chenyewe, nunua cha ukili wa miyaa chenye mikono iliyoshonwa mpaka chini ya kitako, si iliyopachikwa ukingoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, basi usifikirie kukifunika kikapu kwa mfuko mweusi njiani. Mimi hufunika kwa leso. Inazuia vumbi, inazuia jua, haipeperuki ukiifunga fundo, na mteja akilipia inakuwa sehemu ya zawadi. Ila isome kabla. Mama mkwe akipelekewa leso yenye mafumbo, wewe ndiye utakayeulizwa. Masika yakianza, Aprili na Mei, juu ya leso ongeza turubai dogo la boda, na umkumbushe alirudishe.

Hatua ya 4: Mtu wa kubeba

Usiite boda yeyote aliye kwenye kona siku ya kazi. Tafuta wawili unaowajua, mmoja wa kisiwani na bara kaskazini, mwingine wa Changamwe, na wa tatu ng'ambo ya Likoni ambaye mtazungumza kwa simu tu. Waulize mambo matatu: ana kreti ya nyuma, ana simu yenye bando, na anapoambiwa "pole pole" anasikia nini. Kikapu kikae ndani ya kreti kimefungwa kwa mpira. Kisining'inizwe kwenye usukani, na abiria asipandishwe njiani. Hilo la abiria liseme kwa mdomo kila mara, kwa sababu kijana anayerudi mtupu kutoka Shanzu anaona hakuna ubaya kuchukua mtu Bamburi, na hakuna. Ubaya ni kwenda.

Tuktuk ni ya vikapu vitatu au zaidi kwa njia moja. Viweke sakafuni, si kwenye kiti. Kiti kina mteremko wake.

Bei mpatane kwa fungu la daftari, mwezi mzima, msianze kubishana kila asubuhi. Tuseme safari ya Bamburi mmekubaliana 300. Mteja mtoze 350. Hiyo hamsini ni ya simu, ya kungoja getini, na ya ile siku kikapu kitakaporudi kwa sababu mwenyewe hayupo. Na mlipe kijana siku hiyo hiyo, picha ya kikapu mlangoni ikishaingia kwenye simu yako. Anayelipwa Ijumaa kwa kazi ya Jumatatu atakuja Jumanne amechelewa.

Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia

Baada ya isha, daftari mezani. Panga vikapu vya kesho kwa mafungu, halafu kwa saa. Kila kikapu kipate kikaratasi kimebandikwa chini ya kitako: jina la mpokeaji, simu mbili, mtaa, alama ya karibu, kipindi. Jina la mtumaji liwe kwenye kadi ndani, lisiwe pale chini. Boda hana haja ya kujua nani anampenda nani.

Mpigie boda usiku, si asubuhi. Msomee orodha, akusomee naye. Mtumie lokesheni zote usiku huo azione ziko wapi, na akikuambia "hii sijaifahamu" una muda wa kumwuliza mteja kabla hajalala.

Ijumaa acha tupu kati ya saa sita na saa nane mchana. Maduka yanafungwa, barabara za karibu na misikiti zinajaa, na mlangoni hakuna wa kupokea. Ramadhani acha tupu kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka watu wamalize kufuturu. Ile saa moja kabla ya magharibi kila mwenye usukani mjini ana njaa.

Hatua ya 6: Mlangoni

Mfundishe kijana maneno. Apige hodi, asimame hatua mbili nyuma ya mlango, aseme: "Asalaam aleikum, nina mzigo wa Bi Fulani." Akiulizwa umetoka kwa nani, jibu ni moja: "Kadi iko ndani, mama." Akijibiwa na sauti ya mwanamke aliye peke yake, asikanyage kizingiti, mtoto aitwe, au kikapu kiachwe barazani mbele ya macho yake. Mambo haya madogo ndiyo yanayofanya nyumba moja ikuitie nyumba tatu.

Picha: kikapu mlangoni, bila sura ya mtu. Ukitaka kumweka mpokeaji kwenye ukurasa wako, omba ruhusa kwanza. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, kuna wake za watu.

Mwenyewe hayupo na simu hazipokelewi? Kijana angoje dakika kumi, akupigie. Wewe mpigie mteja aliyelipa, si mpokeaji. Aamue yeye: kwa jirani, kwa mlinzi, au kirudi kwa nauli ya pili. Usimwachie kijana uamuzi.

Hatua ya 7: Idi, ambayo haina tarehe

Nimeiweka peke yake kwa sababu inavunja kila nilichosema hapo juu. Ramadhani ni siku 29 au 30, na hujui mpaka mwezi uandame. Wako wateja watakaofuata tangazo la Kadhi Mkuu, wako watakaofuata Saudia, na nyumba mbili za ukoo mmoja zinaweza kusherehekea siku tofauti. Mteja akikuambia "kifike siku ya Idi", muulize Idi ya nani. Si utani. Nilikuwa naona aibu kuuliza mpaka nilipopeleka vikapu viwili kwa watu waliokuwa bado wamefunga, halua juu kabisa.

Oda za Idi nafunga siku ya 25. Siku ya 27 kila kisichooza kimeshapangwa na kufunikwa, kimebaki kitu kibichi tu. Vikapu vya kampuni na vya majirani vinatoka siku ya 28, kama zawadi ya kukaribisha Idi, na ninawashawishi wateja wengi iwezekanavyo waingie kundi hilo, hata kwa kupunguza nauli. Usiku wa kuamkia Idi usipange safari inayopita Biashara Street wala Marikiti. Watu wananunua mpaka usiku wa manane, na tuktuk haipiti hata ikipiga honi mpaka kesho. Asubuhi yenyewe watu wako kwenye swala, kwa hiyo mzigo wa kwanza unatoka saa tatu.

Jioni ya siku ya 29, boda wangu wawili wanajua kazi: simu zimechajiwa, mafuta yako kwenye tangi, hawalali mpaka niwapigie. Mimi niko barazani na daftari mbili, moja imeandikwa "ukiandama", nyingine "usipoandama".